Mkungu wa Ndizi Niliouacha kwenye Nyasi

Nakumbuka Jumapili moja ya mavuno, kanisani kwetu Nkoaranga, kule mlimani. Ibada imekwisha, watu wamezunguka uwanjani kwa ajili ya mnada wa sadaka: mayai, kuku wa miguu iliyofungwa, mikungu ya ndizi. Wewe mwanangu unaujua mnada ule. Mtu hununua kitu, halafu badala ya kukibeba anaagiza apewe mwingine: mama yake, mchungaji, mgeni. Ni heshima kupewa hivyo, na watu hupiga makofi.

Nilikuwa kijana, nimetoka chuo kikuu, napanga chumba Levolosi, mjini. Nyumbani nilikuwa nimewaambia nina kazi ya ofisini. Sikuwa na kazi. Suruali niliyovaa nilikuwa nimeazima.

Kaka yangu Elirehema, aliyebaki shambani na kahawa ya baba, alishindania mkungu mkubwa kuliko yote mpaka wenzake wakanyamaza. Mzee wa kanisa alipomuuliza apewe nani, kaka akasema, "Mpelekeeni msomi wetu. Asirudi mjini mikono mitupu."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mimi nikasikia kicheko tu. Nikajua amepata habari zangu, na ameamua kunitangaza mbele ya kanisa zima kuwa nina njaa. Nikauacha mkungu kwenye nyasi, nikashuka njia ya mteremko bila kuaga. Viatu navyo vilikuwa vya mjini, kwa hiyo hata hasira yangu iliteleza mara mbili.

Nilikuwa nimesomea fasihi. Nilipata alama nzuri kwa kueleza watu waliokwishakufa walimaanisha nini.

Wiki iliyofuata mama aliteremka Levolosi na ndizi zile kichwani, zimeshaanza kuiva. Alikaa kwenye ndoo, kwa sababu kiti sikuwa nacho, akakitazama chumba chote mara moja, na kuhusu kazi ya ofisini hakuuliza. Nikamweleza jinsi kaka alivyonidhalilisha. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Hayo kayasema yeye, au umemsemea wewe?"

Nikamjibu kwamba nilikuwepo, nilisikia.

"Ulisikia kuhusu mikono. Haya mengine umeyaongeza njiani. Panda ukamuulize, baba. Yuko shambani tu pale."

Sikupanda. Kupanda kuuliza kungenilazimu kukiri kwamba mikono kweli ilikuwa mitupu.

Basi nikaishi ndani ya maana yangu, miaka na miaka. Kaka akituma kahawa Krismasi, nilisema anarudia dharau. Asipotuma, nilisema sasa amejionyesha wazi. Msibani tulisalimiana kama watu wa ofisi mbili tofauti. Nilipata kazi, nikajenga nyumba Kimandolu, huko huko mjini, na kila tofali nililiweka nikimjibu mtu ambaye labda hakuwahi kusema neno.

Kisha kiharusi kikamchukua kaka mdomo na mkono. Nikapanda siku hiyo hiyo. Nikakaa kando ya kitanda na kumuuliza swali alilonituma mama, na mama mwenyewe alikuwa ameshazikwa. Kaka akanigeuzia macho. Chozi likamtoka jicho la kushoto. Nikamshika mkono, nikadhani nimejibiwa. Nesi akaja na kitambaa, akamfuta, akasema jicho hilo hutoa machozi lenyewe, kwa kuwa halifungi vizuri.

Tulimzika kwenye migomba. Baadaye nikamuuliza shemeji. Hakukumbuka mnada wowote. Alikumbuka tu kwamba hakuwahi kuelewa kwa nini niliacha kuja.

Ungedhani nimepona. Jana nilimwandikia Anaeli, mtoto wa kaka, kwenye simu, kwamba nataka kwenda kukaa naye kidogo pale nyumbani. Akajibu, "Sawa baba mdogo." Basi. Tangu jana nimelisoma jibu hilo kama mtihani wa mwaka wa tatu. Nimeona ubaridi ndani yake, nimeona kinyongo alichorithi, nimemwona baba yake. Huenda kijana alikuwa anakamua ng'ombe. Simu iko hapa mezani. Sijapiga.

Mwanangu, sina dawa ya ugonjwa huu. Ninachokuambia ni hiki: yale mtu aliyoyatamka ni machache, na mengi yanayokuumiza umeyatunga mwenyewe kutokana na kile unachokionea aibu. Hutaacha kutunga. Sijaona aliyeacha. Lakini kabla hujamhukumu mtu kwa maneno uliyomwekea kinywani, panda mlima ukamuulize, hata kama suruali ni ya kuazima. Nenda wakati bado anaweza kukujibu, maana baadaye utabaki na maana yako peke yake, na haitakuwa na wa kuikanusha.

Mungu akupe watu wa kuwauliza, na akufikishe kwao wakiwa bado wanasema.