Doa Jekundu Chini ya Bamba la Kitako

Doa la rangi ya kucha, nililolitia kwa mkono wangu ndani ya bunduki ya marehemu mume wangu, lilitoweka.

Halikufutika. Lilitoweka na mti wake.

Kaeni vizuri niwasimulie.

Mimi ni Nola, bibi wa hapa Tuatapere, kusini kabisa mwa New Zealand. Clarrie wangu alipofariki aliacha bunduki ya kuwindia kulungu, kongwe kuliko yeye, aliyorithi kwa baba yake. Mtutu umeshika kutu, skrubu zimeliwa, kitako kizito kama gogo la kuni.

Binti yetu Jocelyn, mwenye leseni yake, akataka kupanda nayo mlimani msimu wa madume ya kulungu kunguruma wakitafuta majike.

"Mama, nataka iwe kama alivyoishika babu."

Tukampelekea Mervyn Teague, fundi, rafiki wa Clarrie tangu ujana. Mnamjua kwa kuchechemea. Trekta ilimlalia mguu mwaka ule aliozaliwa Jocelyn.

Akaigeuzageuza. "Shemeji, kipuri cha juzi hakiingii humu. Skrubu za zama zake, bamba la zama zake. Itatoka kama ilivyotoka kwa walioiunda."

Maneno matamu. Lakini wifi yangu Thelma alishanionya.

"Hao wa vitu vya kale wana mikono mirefu. Unapeleka halisi, unarudishiwa makapi. Weka alama, Nola."

Nami nilikuwa nimeweka. Kabla ya kuipeleka nilichukua bisibisi ya cherehani, nikafungua bamba la chuma nyuma ya kitako, nikadondosha tone jekundu kwenye mbao, nikafunga. Nikajiona mjanja kuliko sungura.

Basi nikaanza kumvizia.

Nikienda na mikate yangu ya jibini, Mervyn anatupa blanketi juu ya meza ya kazi. Nikiingia karakana, ananitoa nje tukanywe chai barazani, baridi inatung'ata.

Siku moja akaniuliza, "Clarrie hakuwahi kukwambia habari za hii bunduki?"

"Habari gani?"

"Aa, basi tu."

Basi tu? Nikampigia Thelma.

"Umepigwa changa la macho," akasema. "Kitako cha mumeo kishauzwa hicho."

Usingizi ukanipaa. Kile kitako ndicho Clarrie alichoegemeza shavu maisha yetu yote. Bunduki bila hicho ni bomba la maji tu. Mikate nikaacha kupeleka.

Siku ya kuichukua tukaenda na Jocelyn. Mervyn akaondoa blanketi.

Sitawadanganya, ilipendeza. Skrubu zote mifereji yake imeelekea mtutu, kama watu kwenye foleni. Lakini kitako kilikuwa kingine. Chembamba, cha rangi ya asali, na shingoni kina mstari mwembamba kama kovu.

"Jocelyn, fungua bamba la nyuma."

Akafungua. Mbao safi. Doa hakuna.

Nikamgeukia Mervyn. "Kitendawili."

"Tega, shemeji."

"Ameingia na mti wake, ametoka na mti wa watu."

Akakuna kidevu. "Nimeshindwa. Nakupa mji."

"Mji siutaki. Nipe kitako cha mume wangu."

Kisha akainama chini ya meza, akatoa lile gogo jeusi. Doa langu linang'aa.

"Nililiona siku ya kwanza. Bisibisi yako iliparuza skrubu, nikajua shemeji kapita hapa."

"Sasa kwa nini umekibadilisha?"

"Sijakibadilisha. Aliyekibadilisha ni Clarrie."

Akaketi, akapandisha suruali. Kovu kutoka goti hadi kifundo.

"Tulikuwa tukiwinda, nikateleza kwenye genge, mguu ukavunjika. Clarrie akaufunga kwenye bunduki hii kwa mikanda yetu miwili, iwe gango. Akanibeba. Tulipovuka mto tukaanguka wote, kitako kikavunjika shingoni. Yeye akatafuta hili gogo la bunduki nyingine, akalipachika. Vipande nikaviweka darini. Ningevitupaje? Ndivyo vilivyonitoa mlimani, na ndivyo nilivyoviunganisha hapa."

Jocelyn alikuwa ameziba mdomo.

"Na trekta?" nikauliza.

"Trekta haikuwepo, shemeji."

"Mervyn. Mikate yote ile niliyokupikia kwa ajili ya trekta?"

"Ilikuwa mitamu sana."

"Lini hiyo?"

Akaangalia sakafu. "Wikiendi aliyozaliwa huyu. Clarrie alikuaga anakwenda kwa kaka yake kurekebisha uzio. Akaniapisha nisiseme."

Nikakaa juu ya ndoo. Nilijifungua peke yangu nikimlaani shemeji yangu na uzio wake. Miaka yote nilimnunia mtu wa watu, hata Krismasi sikumpa nyama ya kwanza.

"Nilitaka nikuambie kikishakamilika," Mervyn akasema. "Kwa maneno tu ungesema nimeiba."

Ningesema. Nilishasema, tena kwa Thelma, ambaye ni sawa na kutangaza redioni.

Nikaenda kwenye gari, nikaleta chupa ya chai. Tukanywa ndani ya karakana safari hii.

Alfajiri ya msimu Jocelyn alipita kwangu, begi mgongoni, bunduki ya babu yake begani.

"Unakwenda wapi?"

"Kurekebisha uzio, mama."

Nikamrushia taulo la vyombo.

Funzo langu ni fupi. Nilimtegea fundi alama, kumbe aliyenificha jambo nililala naye kitanda kimoja. Ukimshuku mtu, muulize usoni. Na wewe baba mwenye siri, mwambie mkeo ungali unapumua. Usimwachie fundi kazi hiyo.