Achia

Banio letu liko juu ya mashamba ya mpunga, upande wa Chimala, pale maji ya mto yanapoingia mfereji mkuu. Watu hucheka nikisema mkono wangu ulibanwa banioni. Wacheke tu, hata mimi ningecheka.

Geti lake la chuma ni zito. Tulikuwa tukilinyanyua kwa winchi ya mkono, na kizuizi cha kuizuia winchi hiyo isirudi nyuma kilishalika zamani. Asubuhi ile gogo lilikwama chini ya geti. Mwenzangu, Msukuma aliyehamia Usangu na ng'ombe wa baba yake, akashika mpini wa winchi. Mimi nikainama, nikapitisha mkono wa kulia chini ya geti nilitoe gogo. Msimamizi akaona geti linatetemeka, akapaza sauti: "Achia!"

Alikuwa ananiambia mimi, niachie gogo. Mwenzangu akadhani anaambiwa yeye. Akaachia winchi.

Geti likauangukia mkono wangu. Nilitazama maji yakibadilika rangi, nikawaza kwamba viatu vyangu vimelowa. Hospitalini Mbeya walikata kidole cha shahada, vingine wakaviunga. Daktari alisema vidole vikipata hisia nitarudi kazini. Visipopata, nitafute kazi nyingine, maana mkono usiojua maumivu haufai kwenye vyuma.

Basi kila jioni, nyumbani Uyole, mke wangu alinichomachoma kwa pini nikiwa nimefumba macho. "Kidole gani?" Nilikuwa nabahatisha. Nikipatia, alifurahi bure.

Wenzangu walikuja kunipa pole. "Ajali haina kinga," walisema. Hilo liliniudhi. Kinga ilikuwepo, neno jingine tu. Siku hizi wanasema "toa mkono" au "shusha", na hakuna anayechanganya.

Mwenzangu wa winchi alikuja wa mwisho, peke yake. Hakukaa kwanza. Sikuwa na hasira naye. Sikuwa na chochote. Akauchukua mkono wangu katikati ya mikono yake miwili, akauminya taratibu, kisha kwa nguvu. Niliona kucha zake zikiwa nyeupe.

"Unasikia, mdogo wangu?"

Niliutazama ule mkono kama kitu cha mtu mwingine.

"Nasikia, kaka."

Akashusha pumzi, akakaa, akaniuliza nitarudi lini kazini.