Maini ya Mbwa Wangu

Kule Itaka, enzi za Mwingereza, mchinjaji wa kijiji nilikuwa mimi. Ng'ombe wa harusi, mbuzi wa Krismasi, wote walipita mikononi mwangu. Ini zima lilikwenda kwa wakwe. Ini lenye vifuko vya maji, vile vyeupe vinavyopasuka kwa ncha ya kisu, nilimtupia mbwa wangu, maana kumpa mtu lingekuwa tusi. Mbwa akanenepa, nami nikajivuna: mnamwona huyo? Halali njaa.

Mke wangu alikuwa na uvimbe upande wa kulia, chini ya mbavu. Haukumuuma. Alilima, akachuma kahawa, akanizalia watoto wawili akiwa nao. Nilimtania kwamba ameficha boga asigawane na mawifi zake, naye akacheka. Ukakua polepole, miaka ikapita, tukauzoea.

Mwaka mmoja, kahawa ikiwa imeiva, ukaanza kumchoma. Homa ikampanda, chakula kikamshinda, macho yakawa ya manjano. Niliogopa, na mimi nikiogopa huwa mkali. Nikamfokea kila mtu, nikatia kisu motoni. Maini nayajua mimi, nilisema. Yale ni maji tu, nikitoboa yatatoka, atapona. Nilipomsogelea, akanishika mkono.

"Baba, mimi si mbuzi."

Basi, nikakiacha kisu. Mimi na shemeji zangu tukambeba kwa machela mpaka hospitali ya misheni. Njia nzima nilikuwa nikimwomba Mungu na kuwagombeza wabebaji kwa pumzi moja.

Daktari alimpapasa tumbo, dresa, msaidizi wake, akitutafsiria kwa Kinyiha. Ni kifuko cha maji ndani ya ini, alisema. Vipo visivyo na neno, mtu huzeeka navyo asijue. Lakini kinachokua, kinachouma, kinacholeta homa au macho ya manjano, hicho hakingojwi. Nikamweleza habari ya kisu changu. Ungemtoboa, alisema, maji yangemwagika tumboni, na huenda ungemzika kabla ya kufika hapa.

Kisha akauliza kama tuna mbwa. Tunaye. Anakula nini? Nikajibu kwa majivuno yangu yaleyale: maini! Dresa akainamisha kichwa. Kumbe, daktari akaeleza, vifuko vile vina minyoo. Mbwa akivila, minyoo hukua tumboni mwake, na mayai ya minyoo hiyo hutoka na kinyesi chake, yakamfikia mtu kwa mikono na vyombo. Na mbwa wangu alikuwa akilala jikoni kwa mke wangu. Nilitoka nje nikalia, mwanamume mzima, wala sikujificha.

Alipasuliwa. Siku kadhaa nilikaa barazani pale, sijui nina mke au sina. Akapona, akarudi nyumbani na kovu refu kama mshono wa gunia.

Mbuzi wa kwanza niliyemchinja baada ya hapo alikuwa na vifuko kwenye ini. Mbwa alikuwa ameshakaa mahali pake, ananisubiri. Nikachukua jembe, nikachimba shimo nyuma ya migomba. Mke wangu akaja, mkono mmoja juu ya kovu, akachungulia.

"Chimba tena," akasema. "Mbwa wako anajua kufukua."