Mama na Gari Langu la Viti Viwili

Gari langu lina viti viwili tu, na kiangazi kizima cha mwaka ule kiti kimoja kilikaa kitupu kwa sababu mama yangu mzazi alikataa kukikalia.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililoniuma. Maneno ya watu hayakuniuma hata kidogo. Siku nilipolinunua, simu zilipigwa kutoka Saint Paul mpaka Minneapolis, zikavuka bahari zikafika Moshi kabla mimi sijafika nyumbani. "Umesikia? Mama mzima, miaka hamsini na mbili, kanunua gari la watoto wa matajiri!" Dada mmoja wa kwaya alinifuata nje ya kanisa akaniambia kwa sauti ya upole kwamba hela ile ingejenga nyumba. Nikamjibu, "Nyumba nimejenga, dada. Mama yangu analala humo, maji ya moto yanatoka ukutani. Ya kwako imefika wapi?" Akakohoa. Ya kwake ilikuwa msingi mtupu, na nyasi zimeota juu yake. Mungu anisamehe, niliona raha.

Wanaoniuliza gari lile lina faida gani huwa nawaambia ukweli: halina. Halibebi mchele, halibebi wageni, halipandi kilima cha theluji. Tangu nifike nchi hii nikiwa mwanafunzi, kila kitu nilichonunua kilikuwa na shughuli ya mtu mwingine ndani yake. Gari la kwanza lilikuwa la kuwahi zamu. La pili la kupeleka watoto shule. La tatu, hili kubwa ninalolitumia mpaka leo, limeshabeba viti vya harusi, masufuria ya misiba na godoro la kila mwanafunzi aliyehama nyumba. Watoto wakamaliza vyuo, wakaenda zao. Nikajikuta nimesimama jikoni kwangu Frogtown, mtaa wetu wa Saint Paul, ninajiuliza: mimi je? Mimi napenda nini? Jibu lilikuja papo hapo, wala halikunionea aibu.

Napenda kasi. Nimeipenda tangu utotoni, nikiteremka mlima kwa baiskeli ya baba bila breki. Basi nikaenda kitongoji cha Eden Prairie kwa mzee mmoja wa Kizungu aliyekuwa anauza gari lake. Lilikuwa la manjano, ndizi mbivu kabisa, limelala chini hata paa lake lilinifika kiunoni, na milango yake inafunguka kwenda juu. Injini iko nyuma ya mabega yako. Ukiwasha, sauti haikufikii masikioni kwanza, inakupanda mgongoni. Nilishika usukani nikahisi machozi. Yule mzee alisema analiuza kwa sababu ya magoti: kuingia anaingia, kutoka ndiyo kazi. Nikampa pole, nikatia saini. Maneno yake yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Mama alikuja mwezi wa sita. Ni mkunga mstaafu, mzee wa kanisa, mwanamke ambaye kule migombani hata wanaume wenye mvi wanavua kofia kumwamkia, maana wengi wao yeye ndiye aliyewapokea duniani. Alipanga kukaa mpaka mwezi wa kumi, aondoke kabla ya theluji. Nilimpokea uwanja wa ndege kwa lile gari kubwa kwa ajili ya mizigo. Tulipofika nyumbani sikumwacha hata anywe chai. Nikampeleka gereji, nikavuta turubai.

Mama aliliangalia. Akalizunguka. Akainama, akachungulia kiti kwa muda mrefu. Kisha akasimama, akajishika kiuno.

"Zuri," akasema. "Lifunike, lisipate vumbi."

Basi. Hiyo tu!

Jumapili ya kwanza nikamwambia twende kanisani nalo. Akasema amechoka na safari, twende na lile kubwa lililozoea njia. Jumapili ya pili alikuwa amebeba sufuria la ndizi na nyama, nalo halina pa kukaa. Ya tatu upepo. Ya nne kilemba. Siku za kazi alipanda treni peke yake hapo University Avenue mpaka Cedar-Riverside, akanunua iliki na pilipili manga, akapiga soga na Wasomali wenye maduka waliokulia Mombasa, akarudi amefurahi. Lakini kuingia kwenye gari la mwanawe, ng'o. Nilipomweleza kwamba huku barabara zikimwagiwa chumvi majira ya baridi gari lile linalala ndani miezi mitano, alicheka sana. "Kumbe ni kama ng'ombe wangu wa maziwa," akasema. "Anakula ndani, hatoki. Ila yule ananipa maziwa."

Nikajua ananidharau. Ndivyo nilivyoamini. Niliona kwamba mwanamke aliyetembea usiku na taa ya chemli kuwazalisha wenzake hawezi kuheshimu gari la kustarehe. Na mimi, pamoja na ubishi wangu wote kwa watu wa kanisani, nilikuwa nangoja neno la mtu mmoja tu. Nilitaka mama akae pale kando yangu mara moja, asikie ile sauti mgongoni, aseme, "Haya, mwanangu, nimeona." Nisingepata hilo, ningekuwa nimelinunua kwa nusu.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa nikashindwa kuvumilia. Tulikuwa mlangoni, Jumapili, amevaa tayari.

"Mama, niambie ukweli. Unanionea aibu?"

"Nani kakwambia?"

"Kila wiki una sababu. Safari, sufuria, upepo, kilemba!"

"Twende na lile kubwa, mwanangu. Tutachelewa."

"Basi baki na treni yako!" nikasema, nikabamiza mlango.

Mzazi hajibiwi hivyo. Nilijua hata kabla mlango haujatulia. Kwa siku kadhaa tulikuwa shikamoo, marahaba, na chumvi ipitishe huku. Niliomba msamaha, akasema yameisha, lakini gari hatukulitaja tena. Tiketi yake ilikuwa ya Jumanne ya wiki iliyofuata, na watabiri wa hali ya hewa walikwishaanza kutaja theluji ya mapema. Nikahesabu: imebaki Jumapili moja.

Sasa, lazima niwaeleze kazi yangu. Mimi ni mtu wa fiziotherapia. Kwa miaka ishirini na ushei nimewafundisha wazee wa Minnesota waliobadilishiwa nyonga na magoti jinsi ya kuishi tena: kupanda ngazi, kuingia bafuni, na kuingia kwenye gari na kutoka. Tuna hata kiti maalumu cha mazoezi hayo. Kila siku ya Mungu namfundisha mtu kupanda gari.

Jumatano ile wagonjwa wangu wawili wa mchana hawakuja, nikarudi nyumbani mapema. Nikaukuta mlango wa gereji wazi. Turubai liko sakafuni, limekunjwa vizuri. Mlango wa gari uko juu. Na mama yangu ana mguu mmoja ndani na mwili wote nje, mkono kwenye paa, mkono kwenye kiti, kanga imenasa, anahema.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nimeangusha pete."

Pete ilikuwa kidoleni. Ilikuwa inaniangalia.

Nilitaka kumshika, akafoka, "Usiniguse!" Akautoa mguu mwenyewe, taratibu, akakaa kwenye kigoda cha jikoni. Ndipo nikaona kigoda. Alikuwa amekileta makusudi, na alama zake kwenye vumbi la sakafu zilionyesha si siku moja wala mbili.

"Magoti yangu yameisha," akasema, bila kunitazama. "Nikiingia humo sitoki. Nimezalisha wanawake tarafa nzima. Nikisimama kanisani watu wananyamaza. Leo nije ugenini, nivutwe na wanaume wawili kutoka kwenye gari kama gunia la mahindi, kanga huko, kichwa huku? Siku ile ya kwanza nilipoinama nikasema moyoni, hili litaniumbua."

"Kumbe tangu mwezi wa sita?"

"Tangu mwezi wa sita. Nilitaka kupanda mpaka nikaota."

"Mbona hukuniambia, mama?"

Hapo akanitazama. "Wewe kazi yako ni nini? Nilingoja uone."

Jamani. Mganga hajigangi, nilikuwa nalisikia tu. Niliona magoti ya kila ajuza wa Kizungu katika wilaya nzima, nikashindwa kuona magoti ya mwanamke aliyenizaa, akipanda ngazi zangu kila siku kwa kushika ukuta. Nikakaa chini pale pale kwenye saruji nikalia kama mtoto. Mama akaniacha nilie kidogo, kisha akasema, "Haya, imetosha. Nifundishe."

Nikamwomba mfuko wa nailoni. Anayo mingi, kule Moshi imepigwa marufuku, kwa hiyo huku kila ukitoka dukani anaunyoosha, anaukunja pembe tatu, anauweka chini ya sinki. Akaleta mmoja. Nikautandaza kwenye kiti cha ngozi kilichoshonwa kwa mkono, maana mfuko unateleza, na ndio ufundi wenyewe.

"Mguu usitangulie," nikamwambia. "Ndilo kosa la kila mtu. Lipe gari mgongo. Rudi nyuma mpaka likuguse. Shika hapa, kaa. Sasa magoti pamoja, zunguka."

"Kama bibi harusi," akasema mama, akateleza, akazunguka, akawa ndani.

Akatulia. Akashika dashibodi. Akanusa.

"Sasa nitoe."

"Ng'o. Unatoka mwenyewe. Miguu yote nje. Sogea ukingoni. Inama mpaka pua ivuke vidole vya miguu. Sukuma."

Mara ya kwanza alirudi kitini, pu! Mara ya pili vile vile. Alhamisi alinyanyuka nusu. Ijumaa nilimchua magoti, akajaribu mara nane, akaning'ang'ania mkono mara moja tu. Jumamosi asubuhi nikiwa bado navaa viatu nikasikia sauti gerejini, "Pua! Vidole! Sukuma!" Nikakimbia. Mama alikuwa amesimama wima kando ya gari la manjano, mikono kiunoni, hakuna aliyemgusa.

Jumapili alivaa kitenge chake kizuri kuliko vyote. Kwa furaha akajisahau, akaenda moja kwa moja mlango wa kushoto kama kwetu, nikamwambia nchi hii huo ni wa dereva. "Hata viti vyao vimegeuka," akasema. Nikawasha. Ile sauti ilipompanda mgongoni alikodoa macho, akayafumba, akayafumbua tena. Tulipita University Avenue polepole, wazee wa Kihmong, wahamiaji wenzetu kutoka Asia, wakatupungia mikono kutoka vibarazani, na yeye akawapungia kama rais.

"Mbona unalibembeleza?" akauliza. "Si wanasema linakimbia?"

"Polisi, mama."

"Polisi hana mama? Kanyaga!"

Kwenye njia ya kuingilia barabara kuu nikakanyaga. Sikuvunja sheria, lakini gari lile linaifikia sheria haraka sana. Mama alibanwa kitini, akapiga ukelele, "Yesu wangu!" Nikaogopa, nikapunguza mwendo. Nikageuka nikamkuta anacheka hadi machozi, miwani mkononi, anaitafuta kanga ajifute. "Ndiyo baiskeli ya baba yako," akasema. "Ulidhani sikukuona ukiteremka nayo?"

Kanisa ni la kuazima; Wazungu wakitoka sisi tunaingia, kwa hiyo nje kulikuwa na watu wa ibada zote mbili. Mlango wa gari ulipoinuka, kina mama wakasogea, mikono mbele, na yule dada wa kwaya akiwa wa kwanza.

"Msiniguse," mama akasema.

Magoti pamoja. Akazunguka. Miguu yote chini. Pua ikavuka vidole. Akasukuma, akanyanyuka, akasimama, akanyoosha kitenge, na kigelegele cha kwanza kikapasuka, kikafuatwa na vingine mpaka Wazungu nao wakapiga makofi bila kujua wanapiga ya nini. Mimi nilijua. Nililia na kucheka kwa pamoja, wala sikujificha.

"Ehe, mama," dada akasema, "na wewe umeingia kwenye anasa?"

"Mwanangu kafanya kazi," mama akajibu. "Anakula jasho lake, na mimi kanikaribisha. Una swali jingine?"



Jumanne mawingu yalikuwa yameshuka, hewa inanuka theluji. Mizigo ilitangulia na kijana mmoja wa kanisani katika gari langu kubwa, mama akaja na mimi. Uwanja wa ndege nilisimama mlango wa wasafiri. Askari wa magari alikuwa anatuashiria tuharakishe. Nikainua mlango wa mama, nikasubiri nione pua na vidole kwa mara ya mwisho.

Mama hakusogea. Mkanda bado ameufunga, mkoba mapajani, mfuko wa nailoni chini yake.

"Tumefika, mama."

"Naona."

"Shuka basi, askari anakasirika."

Simu yangu ikalia. Ni yule kijana, amesimama ndani na masanduku, anauliza tuko wapi. Mama akanyoosha mkono, akauvuta mlango chini mwenyewe, ukajifunga.

"Mwambie tunakuja," akasema. "Zunguka tena."

Tulizunguka uwanja ule mara tatu.