Mlango Uliokatwa Mara Tatu

Sakafu hii, mwanangu, imenigharimu mlango mmoja na jirani mmoja. Mlango ungalipo, ingawa umefupishwa. Jirani hayupo.

Kuna siku hainitoki kichwani. Nilikuwa kijana, nimeoa karibuni, hapa hapa Temeke. Masika yaliingia sebuleni kwa mara ya kwanza, maji ya kulowesha vidole tu. Nikaleta lori la kifusi, bei nikaibana mpaka dereva akaapa hatanibebea tena, nikainua sakafu na uwanja. Bi Mwanaidi, mjane wa nyumba iliyo chini yangu kwenye mteremko, akaja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Yale maji umeyapeleka wapi?"

"Nimeyafukuza."

"Mfanyabiashara wewe! Umeniletea mzigo wala hukuniuliza kama nanunua. Chukua jembe, baba, tuwaite wenzetu tuchimbe mtaro mpaka mtoni."

Nikacheka. Mtaro unataka mtaa mzima, kifusi kinataka mtu mmoja. Nikapiga hesabu, nikairudia, nikaona nimeshinda.

Basi mvua zikazidi kidogo kidogo, kila mwaka kiasi cha kuvumilika. Kila mtu akainua kwake. Bi Mwanaidi akahamia Bunju kwa bintiye, na kitanda kilichooza miguu. Mie nikainua tena, na tena, na kila nikiinua nakata mlango chini. Sasa naingia kwangu nimeinama, na feni nimeing'oa isije ikaninyoa hizi nywele chache. Jirani wa juu naye keshanipita kwa kimo, maji yake yote ni yangu. Zamani mvua ikikatika tulitoka na majembe, japo wachache. Siku hizi tunatoka na simu, tunarushiana picha za maji kwenye grupu la mtaa, halafu tunapeana pole.

Nimechoka, mwanangu. Nasikia umeniagizia lori la kifusi Jumamosi. Nashukuru, ila lisimwage kwanza. Shuka kwa yule mama wa chapati anayeishi alipokuwa Bi Mwanaidi, umuulize maji yetu yatapita wapi. Usiseme umeyamaliza kabla hujajua yameingia kwa nani. Na majirani uwatafute kiangazi, wakati kila mtu bado ana miguu mikavu na maneno mazuri.

Mola akujaalie nyumba ya kuingia umesimama wima, na majirani wa kukuona ukiingia.

Sasa nishauri na mie. Kesho nataka kubisha hodi kwa jirani wa juu, nimwombe tuchimbe mtaro. Mtu aliyemcheka Bi Mwanaidi aanze na neno gani?