Jumamosi Zilizobaki Wazi

Wazee wa posa walikuja kwetu kutoka Turbo Jumamosi moja. Kwa desturi nilipaswa kukaa chumbani na shangazi zangu mpaka niitwe. Kupitia mlango nikawasikia wakipanga kwamba baada ya harusi nitaacha kazi yangu mjini, niende kuishi kwao. Baba aliendelea kunywa chai yake. Nikatoka bila kuitwa na kuuliza ni nani aliyeamua hivyo.

Sikuwa na hasira. Chuoni nilizoea kwamba ukisikia dai, unauliza limetoka wapi. Wazee wakachukua kofia zao. Kijana wao, niliyempenda tangu kidato cha tatu, alitazama viatu vyake, kisha akawafuata. Shangazi mmoja alinilaumu kwamba ningengoja hata wamalize chai.

Watu husema kumkosa yule kijana ndiko kulikonipa moyo wa uongozi. Sijui wamepimaje. Mimi nilichopata ni usingizi wa taabu na nguo zilizonipwaya. Ninachoweza kuthibitisha ni kwamba Jumamosi zilikuwa zetu wawili, na sasa zilibaki wazi. Mikutano ya maji ya mtaa wetu wa Pioneer ilifanyika Jumamosi. Nikaanza kwenda ili nisikae nyumbani nikitazama simu.

Mwenyekiti wa kisima alikuwa mzee mstaafu aliyefungua bomba alipojisikia. Kina mama walipanga mitungi tangu alfajiri bila kujua atafika saa ngapi. Nikauliza sababu, mkutano baada ya mkutano, hadi akachoka na kutaka kura ya mlolongo: yeye asimame huku, mimi kule, kila mtu apange foleni nyuma ya anayemtaka. Mgombea haruhusiwi kugeuka.

Kabla watu hawajasogea, akasema, "Huyu alifukuza wakwe kwa mdomo. Boma moja lilimshinda, mtaa mzima atauweza?"

Watu wakacheka. Miezi michache nyuma ningekimbia nyumbani kulia.

"Ni kweli, Mzee," nikasema. "Niliwauliza nani ameamua, wakaenda zao. Wewe unakaa hapa hapa. Kesho bomba linafunguliwa saa ngapi, na nani ameamua?"

Akaenda kusimama upande wake. Nikaelekea ukutani nikangoja. Nikasikia mtungi mtupu ukiburutwa, kisha sauti ya mwenye duka la karibu na kisima, mama wa kutoka Garissa ambaye hakuwahi kusema neno mkutanoni.

"Simama vizuri, msichana. Tunakuja wengi."

Nyayo ziliendelea kufika. Niliporuhusiwa kugeuka, mstari wangu ulikuwa umepita duka lake na kupinda kwenye kona, mwisho wake hauonekani. Mzee hakungoja tuhesabiwe. Alinijia, akanipa ufunguo wa kisima.

"Na wewe utaulizwa," akasema.

"Natumaini, Mzee. Anza wewe."

Jioni hiyo niliandika saa za maji kwa chaki mlangoni mwa kisima. Asubuhi nikawakuta kina mama wamekalia mitungi yao, wakipiga soga bila haraka. Nikafungua bomba dakika tano kabla ya saa niliyoandika.