Mkwe Jikoni

Sogea karibu nikueleze, hasa kama una ndugu anayejiandaa kwenda Marekani. Jambo lenyewe ni dogo, ni la chakula tu, lakini nusura linikoseshe mume.

Siku mchumba wangu Mmarekani aliponipeleka kwao, mama yake alinikumbatia mlangoni, akanionyesha friji, akasema, "Kila kitu kimo humu. Jihudumie." Kisha akaenda zake bustanini. Mimi nikakaa kwenye kochi, mikono mapajani, kama anavyokaa mgeni aliyelelewa kijijini kwetu Masanze. Nikangoja kuandaliwa.

Mchana ukapita. Watu wa nyumba ile waliingia jikoni mmoja mmoja, kila mtu akajikatia mkate wake, akala amesimama, akaondoka. Mpaka jioni tumbo linanguruma na mimi natabasamu tu. Nikajiambia, hawa hawanitaki. Kumbe mama yake naye alikuwa anamuuliza mwanawe kwa sauti ya chini, "Mwenzio anaona kinyaa chakula changu?"

Baadaye tulilicheka sana jambo hilo. Ila zamu ya mchumba wangu ya kuja kwetu ilipofika, sikuwa na hamu ya kucheka. Mama alikuwa ameniambia kwenye simu, "Mlete nimwone. Nikisema hapana, ni hapana." Na hapana ya mama yangu naijua mimi.

Kutoka Mikumi, njia nzima nilikuwa namfundisha. Shikamoo kwa kila mkubwa. Pokea kwa mikono miwili. Mama mkwe hakumbatiwi, hata ukimpenda vipi. Akarudia shikamoo mpaka dereva akasema, "Dada, muache apumue. Ameiva huyo."

Na kweli aliamkia vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu, hapa ni kwenu."

Nikamtafsiria. Mama akarudi kukaa kivulini na majirani zake, maana kwetu mkwe na mama mkwe hupeana nafasi. Mimi nikaenda kuoga. Bado nina povu masikioni nikasikia wifi yangu, mke wa kaka, anapiga kelele.

"Mama! Mama wee! Mkwe yuko jikoni!"

Kama hujui, nikueleze. Kwetu mkwe wa kiume hatii mguu jikoni kwa mama mkwe. Mume wa dada yangu amezeeka ndani ya ukoo wetu na jiko lile analijua kwa harufu tu. Nilimfundisha mchumba wangu mambo yote, hilo sikulikumbuka.

Nikatoka mbio na khanga na povu langu. Nikamkuta amechuchumaa kando ya mafiga, sahani mkononi, anakula kwa furaha, na kwa mkono mwingine anasogeza kuni moto usizime. Mama amesimama mlangoni. Nikasema moyoni, basi tena.

"Kwao ndivyo wanavyofanya?" mama akauliza bila kunitazama.

"Ndivyo, mama. Ukimwambia mtu hapa ni kwenu, anaamini. Mimi kwao nilishinda njaa kutwa, nimekaa nangoja kupakuliwa. Mama yake akadhani namdharau."

Mama akageuka. "Kutwa? Na chakula kipo?"

"Kipo, mama. Friji imejaa."

"Ukakaa tu?"

"Nikakaa."

Akaanza kucheka taratibu, kisha akashika nguzo ya mlango asianguke. "Jamani! Basi huyu ana akili kuliko wewe. Mwambie aache hicho anachokula, hicho ni cha mbwa. Chakula chake kiko kwenye hotpoti, ndani, tangu asubuhi. Na siku nyingine akiona njaa aseme, mimi ni mama yake."

Wifi akapiga kigelegele. Mimi nikakaa hapohapo kwenye kigoda na povu langu. Sijawahi kupumua vile.

Nilikaa Marekani nikidhani watu wake ni baridi kwa wageni. Siku ile, nikimtazama mume wangu analamba vidole, nilielewa kwamba mama yake alinikabidhi jiko lake tangu dakika ya kwanza, nami nikakaa kwenye kochi kama niliyefika msibani.

Kwa hiyo mwambie ndugu yako hivi: akionyeshwa friji, ainuke, aifungue, ale.